Tulivyompandisha Mama Simone Mlimani kwa Boti

Vijana wa kijiwe cha bodaboda hapa Somanda waliniuliza juzi swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu nistaafu. "Babu Maduhu, hiyo boti uliyokuwa unaendesha Ufaransa ilikuwa inakimbia kiasi gani?" Nikawaambia ukweli. Mtu akitembea kando ya mfereji na kapu lake la mboga, anakuacha. Wakacheka. Mmoja alilalia tenki la pikipiki yake kabisa. "Yaani babu umetoka Bariadi, ukapanda ndege, ukaenda kuendesha kitu kinachopitwa na bibi?"

Ndiyo, wajukuu zangu. Tena bibi mwenye mbwa anayechechemea. Alitupita, akafika mbele akakaa kwenye benchi, sisi tukampita, akanyanyuka akatupita tena. Asubuhi nzima ikawa hivyo. Kufika mchana tulikuwa tumeshazoeana, akatuletea mayai.

Chekeni tu. Mimi mwenyewe nilicheka, kabla sijaona nilichokiona.

Kwanza mjue nilifikaje huko, maana si jambo la kawaida. Kazi yangu ya ujana ilikuwa visima. Nilikuwa fundi wa mashine ya kuchimbia katika mradi wa maji, tukizunguka Itilima, na bosi wangu alikuwa Mfaransa anaitwa Bernard, mtu mnene, mcheshi, aliyejua Kiswahili na Kisukuma cha kuombea maziwa. Tulichimba sana. Pale Zagayu tuliwahi kuchimba mchana kutwa watu wamekaa pembeni na ndoo zao, akina mama wamevaa kanga mpya kama wanakwenda harusini, na mashine ikatoa vumbi jeupe tu mwanzo hadi mwisho. Watu wakanyanyuka na ndoo zao bila kutusema. Afadhali wangetusema. Bernard alikaa kwenye tairi la lori, hakula.

Mradi ulipokwisha akarudi kwao. Miaka ikapita. Siku moja akanipigia simu. "Maduhu, nimenunua boti. Ilikuwa ya kubebea ngano na makaa, nimeweka vyumba ndani. Watu wanakuja kupumzika, tunatembea nao kwenye mifereji. Injini ni ya kizee kama ile yetu ya Zagayu. Namtaka mtu anayejua kuisikiliza."

Mke wangu, Kabula, alikuwa anasikia. "Wewe?" akasema. "Wewe ambaye ziwa lenyewe pale Nyashimo unalitazama umeshika mti?"

Alikuwa sahihi. Sijui kuogelea mpaka leo. Lakini nilikwenda, na nikawa nakwenda kila mwaka. Naondoka palizi ya pamba ikikaribia kwisha, narudi mvua za kupandia zikianza, kwa sababu wakati huo kwao baridi inaingia na wageni wanakwisha. Kabula akawa anawaambia majirani kwamba mume wake ni kama korongo, anafuata majira.

Siku ya kwanza nilipofika, Bernard alinipokea na gari. Tukaenda mpaka mashambani, ngano pande zote, barabara iko bondeni. Nikainua macho mbele, nikaona nyumba ndefu nyeusi inapita juu ya barabara, taratibu, na mwanamke yuko juu yake anaanika mashuka. Nilishika mlango wa gari.

"Bernard! Kile ni nini?"

"Boti."

"Iko juu yetu!"

"Mfereji ndio uko juu. Umejengewa tuta." Akaegesha gari, tukapanda kwa miguu. Na kweli, juu kulikuwa na maji. Yamelala kimya, yamenyooka kama barabara ya lami, juu ya mashamba. Chini ng'ombe weupe walikuwa wanakula majani, na boti ilikuwa inawapita juu ya vichwa vyao. Nilichota maji kwa kiganja nikayaonja. Bernard alijua kwa nini.

Sasa nikwambieni boti inavyopanda mlima, maana hapo ndipo watu huanza kudhani nawadanganya. Fikiria chumba cha mawe kisicho na paa, kina geti mbele na geti nyuma. Wao wana neno lao, mimi naliita lango. Unaingia kutoka upande wa chini, geti linafungwa nyuma yako. Uko shimoni, kuta zimelowa, zina ukoga, unaona kipande cha mbingu tu. Kisha mlinda lango anazungusha hendeli kule juu, na maji ya upande wa juu yanaingia kidogo kidogo chini yako. Hakuna mashine ya kuinua, ni maji yenyewe. Boti ya tani nyingi, na jiko lake, na vitanda vyake, na wageni wanakunywa chai, inanyanyuka. Unaona ukingo unashuka, unaona viatu vya mlinda lango, magoti, uso, bustani yake ya nyanya. Geti la mbele linafunguka, unatoka, na sasa uko juu. Mbele kuna lingine, na lingine, kama ngazi, mpaka unafika kilele cha mlima. Ukifika kilele unaanza kushuka upande wa pili.

Nilifanya kazi hiyo misimu mingi, na sijawahi kunyanyuliwa na lango bila kuvua kofia.

Ufundi wake ni huu. Kamba kwenye lango haifungwi, inashikwa. Unaipitisha mara moja kwenye nguzo fupi ya chuma pale ukingoni, ncha inabaki mkononi mwako, maji yakishuka unaiachia, yakipanda unaivuta. Ukiifunga fundo maji yakashuka, boti inabaki inaning'inia kama mbuzi buchani. Mguu usiuweke kati ya boti na ukuta, hata mara moja. Na usukani uzungushe mapema. Aliyewahi kupeleka mkokoteni uliojaa marobota ya pamba ananielewa. Huwezi kuwaambia maksai wakate kona mkiwa mmeshafika kwenye kona. Boti ile unaigeuza, unahesabu pumzi zako, ndipo inakumbuka kwamba umeiambia kitu.

Halafu ujue mfereji si wa kina. Hilo nililijua siku Bernard alipoanguka. Alikuwa anamuonyesha mgeni ndege fulani mwenye shingo ndefu, akarudi nyuma hatua moja zaidi. Tubwi! Nilipiga yowe lililosikika hadi kijiji cha pili. Nikatupa boya, nikatupa kamba, nikatupa kiti. Nikaanza Baba Yetu. Bernard akaibuka, kofia yake bado iko kichwani, akasimama. Maji yalimfika kifuani. "Maduhu," akasema, "ukimaliza kusali, nipe mkono."

Sasa kuna safari moja. Katika zote, hiyo ndiyo ninayotaka muijue.

Mwaka ule jua lilikuwa kali Ufaransa nzima. Akaja abiria mmoja tu na mwanawe. Mama Simone alikuwa mzee sana, yuko kwenye kiti cha magurudumu, mwili mdogo kama wa kware, lakini sauti nzito. Mwanawe, Philippe, alikuwa mtu mzima wa nywele nyeupe, mwenye simu iliyokuwa haimwachi apumue. Alituvuta pembeni akasema moyo wa mama yake umechoka, madaktari wamemruhusu shingo upande, na kwamba kijiji anachotaka kwenda kiko kileleni kabisa mwa mfereji. "Kwa gari ni asubuhi moja tu," alisema. "Hataki. Anataka kwa maji."

Nilimsalimia yule mama kama tunavyosalimia wakubwa kwetu, nikainama kidogo. "Mwangaluka, mayu." Ilinitoka tu. Akaniuliza hiyo ni lugha gani. Nikamwambia ni Kisukuma, ni salamu ya asubuhi, na mayu ni mama. Kuanzia hapo kila asubuhi alinisubiri nimsalimie hivyo, na nisipoanza yeye ananitazama mpaka nianze.

Kifaransa changu kilikuwa kimeshashika kiasi, na nilipokuwa kwenye usukani alipenda kusogezwa karibu yangu. Hakuwa anatazama mandhari kama wageni wengine. Alikuwa anatazama mikono yangu.

"Umegeuza mapema," alisema siku ya kwanza. "Vizuri. Nani kakufundisha?"

"Maksai, mayu."

Akacheka. Ndipo akaniambia. Alizaliwa ndani ya boti, kwenye mifereji hiyo hiyo. Baba yake na mama yake walibeba makaa ya mawe. Boti haikuwa na injini, walikuwa na nyumbu mmoja aliyekuwa anaivuta akitembea kando. Nyumbu alipokufa hawakupata mwingine. "Baba na mama wakaingia wao kwenye mkanda," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Waliivuta wenyewe? Boti yenye makaa?"

"Mama mbele, baba nyuma yake. Mimi nikiwa mkubwa kidogo, nikawa wa tatu." Akafungua kifungo cha juu cha blauzi akasogeza kola. Kwenye bega kulikuwa na alama pana, ngozi imekakamaa, kama ile ya shingo ya ng'ombe aliyelima miaka mingi. Wajukuu zangu, mimi nimefunga maksai tangu utoto. Alama ile nilikuwa naijua. Sikuwa nimewahi kuiona kwa mtu.

Nilimwambia Bernard baadaye jikoni. Aliweka kisu chini akakaa.

Mama yake Simone alikufa kwa homa ya mapafu, boti ikiwa kileleni. Walimzika alasiri katika kijiji kile. Kesho yake asubuhi wakaondoka, kwa sababu nyuma yao boti nyingine zilikuwa zinangoja njia, na makaa yalikuwa yanasubiriwa. Simone alikuwa binti mdogo. Akaingia kwenye mkanda mahali pa mama yake. Baadaye baba akabadilisha njia, vita vikaja, Simone akaolewa mbali na mifereji, akazaa. "Kila mwaka nikasema mwaka ujao," alisema. "Mama alifika pale kwa maji. Nataka nifike kama alivyofika."

Tukaenda. Tulivuka lile daraja ambalo mpaka leo nikilisimulia Kabula anaguna, daraja ambalo juu yake hakuna barabara, kuna mfereji. Chini unapita mto Loire, mpana, una mchanga na miti, na juu yake boti yako inapita katika maji mengine. Maji yamevuka maji. Nilichungulia nikaona kivuli chetu kinaelea mtoni. Mama Simone alinyanyua mkono kidogo kwenye kiti, na kivuli cha mkono wake kikapita juu ya samaki.

Halafu tukaanza kupanda, lango baada ya lango. Kila tulipopanda, maji yalikuwa yanapungua. Mnajiuliza maji ya kileleni hutoka wapi, maana kila boti ikipita inateremsha maji mengi pande zote mbili. Bernard aliwahi kunipeleka nikaone. Mlimani huko kuna maziwa, na hayo maziwa yalichimbwa na watu, kwa sululu na matoroli, zamani hata kabla ya injini. Walikusanya mvua ya vilima vyote, wakaihifadhi juu, ili wakati wa jua boti zipite. Mimi niliyetumia ujana wangu kutafuta ndoo moja ya maji ardhini nilisimama ukingoni mwa ziwa lile mpaka Bernard akaniita mara ya pili. Lakini mwaka ule maziwa yalikuwa yamekauka hadi matope yakapasuka, kama mto Simiyu unavyokuwa kabla watu hawajaanza kufukua mchanga.

Kwenye lango la mwisho mlinda lango alikuwa mama mmoja wa makamo, anaitwa Colette. Alikuja mbio.

"Sehemu ya juu inafungwa," alisema. "Amri imeshafika. Nitawapitisha kwa sababu mmeshafika hapa, lakini sijui kama mtaelea. Mkikwama, mmekwama mpaka mvua."

Bernard akamtazama Philippe. Philippe akamtazama mama yake.

"Fungua," alisema Mama Simone.

Tukapanda. Mnara wa kanisa la kijiji ukaonekana mbele, juu ya miti. Tulikwenda kidogo, nikasikia injini imebadilisha sauti, imekuwa kama inakula mchanga. Nikajua. Boti ikatulia, ikainama ubavu kidogo, ikakwama. Bernard aliongeza moto, maji nyuma yakawa meusi kama uji wa ulezi, boti ikazidi kukaa.

Philippe alishuka ukingoni. "Mama, kijiji kile pale. Nakusukuma kwa kiti, ni karibu kabisa."

"Nimekaa karibu maisha yangu yote," alisema. "Bernard, zima injini. Propela inanyonya maji yaliyo chini yetu, unajizika mwenyewe."

Bernard akazima.

"Mna mikanda?"

Tulikuwa na mikanda mipana ya turubai tuliyobebea jenereta. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza ya nini.

"Punguzeni uzito kwanza," akasema. Tukashusha jenereta, mitungi ya gesi, meza, baiskeli za wageni, viazi. Kisha akasema tumwage maji ya tangi. Yale yalikuwa maji safi ya kunywa, tangi zima. Nilifungua bomba, nikageuza uso. Sikuweza kutazama. Bernard naye aligeuza wake.

Kisha yeye Bernard na tumbo lake akashuka. Ndani ya boti akabaki Mama Simone peke yake. Tulimsogeza mbele ya usukani, tukafunga breki za kiti. Philippe alikuwa amekunja uso.

"Moyo wake," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Umtoe wewe basi," nikamwambia. Alivua koti, simu akaiacha mfukoni mwa koti, akavaa mkanda.

Tukasimama kando ya mfereji, mikanda imefungwa kwenye kamba ya boti, mimi mbele, Philippe, Bernard, na Colette ambaye alikuwa ametufuata kwa miguu akaja akashika kamba nyuma bila kualikwa. Tukavuta. Tukavuta mpaka macho yakatoka. Hakuna.

"Acheni!" Sauti ya Mama Simone ilitoka botini kama ya mtu wa nusu ya umri wake. "Mnavuta kama mnaiba kitu. Boti haivutwi kwa mikono. Laleni mbele. Uachieni mkanda uzito wenu wote, kama mtu anayetaka kuanguka. Halafu mngoje."

"Tungoje nini?" Philippe akauliza.

"Yenyewe."

Tukalala mbele. Nilikuwa natazama majani karibu na pua yangu. Mkanda uliniingia begani, nikasikia mapigo ya moyo wangu kwenye turubai. Hakuna kilichotokea. Bernard akaanza kunung'unika. Mimi, bila kupanga, nikaanza kuimba wimbo wetu wa kulimia kwa pamoja, ule ambao safu nzima mnainamia jembe wakati mmoja. Hawakujua maneno. Lakini wimbo wa jembe hauhitaji maneno, unajua wenyewe pa kukupumzisha na pa kukuegemeza. Tukawa tunaegemea pamoja, tunaachia kidogo, tunaegemea.

Halafu ardhi ikasogea nyuma. Ndivyo nilivyodhani, ardhi inasogea. Nikaona mguu wangu umekwenda mbele upana wa kiganja, nami sikuuinua.

"Msisimame!" akapaza sauti Mama Simone. "Msiitazame! Tembeeni!"

Tukatembea. Hatua ndogo, za mzee. Na hapo nikaelewa jambo ambalo hakuna mtu angeweza kunieleza. Kitu kikubwa namna ile, kikubwa kuliko nyumba yangu, kikishakubali kwenda, kinakwenda kwa uzito wa mtu mmoja aliyeegemea. Mkanda ukawa mwepesi. Nyuma yangu nilisikia Philippe analia. Sikugeuka, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa tusigeuke.

Watu wa kijiji walikuwa wametoka kusimama kwenye daraja. Wanaume walivua kofia. Boti ilipita chini yao bila injini, bila sauti, na mwanamke mzee kwenye usukani akiitoa ukingoni, akiirudisha, vidole viwili tu. Pale kijijini mfereji unapanuka na kina kinaongezeka. Ikaelea. Akaileta yeye mwenyewe ukingoni, ikagusa mawe kwa upole kama ng'ombe anayekuja kulamba chumvi.

Nilipanda. Alikuwa amelowa jasho, midomo imepauka. Nilimpa maji.

"Umechoka, mayu?"

"Wewe hukuvuta vibaya," alisema.

Makaburi yako nyuma ya kanisa. Tulimpeleka wote. Mzee wa kanisa aliyetunza makaburi alikuja, akauliza jina na mwaka, akakuna kidevu. Akasema pole. Kaburi la mama yake halipo. Kwao kaburi lisilo na mtu wa kulitunza, baada ya miaka mingi, hufukuliwa, mifupa inakusanywa pamoja na ya wengine, mahali panapewa mtu mwingine. Alituonyesha jiwe kubwa lisilo na majina, pembeni mwa ukuta.

Philippe alifumba macho. Safari yote ile! Mama Simone alikuwa anatazama lile jiwe.

"Kwenu mnafanyaje?" aliniuliza mwishoni. "Mtu akiwa hana kaburi?"

Mimi ni Mkatoliki, lakini bibi yangu mzaa baba alikuwa wa mambo ya zamani, na nilikuwa namuona. Nikamwambia bibi alikuwa anachukua maji, anayamwaga chini taratibu, na anasema na wafu wake. Anawapa habari, kama unavyompa habari mtu aliyerudi safari.

"Nifanyie."

"Hapana, mayu. Mimi ni mgeni. Anayesema ni mtoto."

Colette alikwenda mferejini akarudi na jagi la maji. Mama Simone akalishika kwa mikono miwili. Akamwaga kidogo kwenye nyasi, akaanza kuongea. Hakikuwa Kifaransa nilichokijua. Philippe aliniambia baadaye kwamba hata yeye hakukielewa, kilikuwa kilugha cha watu wa boti wa zamani, na hakuwahi kumsikia mama yake akikisema hata siku moja. Aliongea kwa muda mrefu. Alicheka mahali fulani. Mahali pengine alinyoosha kidole kumuonyesha mwanawe, kama anamtambulisha. Maji yalipokwisha akageuza jagi juu chini, likatoa matone ya mwisho.

Sasa boti ilikuwa imekwama kijijini mpaka mvua. Majani ya miti yakawa ya manjano, yakaanguka. Kabula akanipigia simu. "Huku mvua imeshanyesha, watu wanapanda. Wewe unangoja mvua ya nani?"

"Ya huku," nikamwambia. Alikata simu, lakini najua alicheka.

Mama Simone na Philippe hawakuondoka. Philippe alikuwa anampeleka mama yake kila asubuhi kwenye lile jiwe, akirudi anakaa naye botini wanamenya viazi. Nilikuwa nimebeba michembe kutoka nyumbani, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha. Nikaichemsha nikampa. Alitafuna sana akasema ni chakula cha watu wanaojua safari ndefu.

Mvua ikaja asubuhi moja, nyembamba, ya siku nyingi. Vilima vikaijaza ile mito midogo, mito ikajaza maziwa ya mlimani, na siku ya siku Colette akafungua. Nilikwenda kusimama ukingoni kuyatazama maji yakija. Hayana kelele. Yanapanda mstari wa tope, yanafunika jani, yanafunika jiwe. Boti ikatikisika kidogo, ikasimama wima.

Bernard alisema tuteremke upande wa pili, tuipeleke boti mahali pa kulala wakati wa baridi.

"Mimi nashukia hapa," alisema Mama Simone.

Philippe alikuwa ameshapata nyumba ya kupanga, ile ya karibu na lango la kwanza la kushukia. Hakuonekana kama mtu aliyeshindwa. Tulimuaga mama yake pale langoni, mvua imekatika. Nilimwinamia nikampa ile salamu, ingawa ilikuwa mchana na salamu yenyewe ni ya asubuhi. Akaipokea.

Tukaingia na boti langoni, mimi na Bernard peke yetu. Lango lilikuwa limejaa, tuko usawa wa macho naye. Nikapitisha kamba kwenye nguzo. Mama Simone akamwambia kitu Colette, aliyelilinda na lango lile pia, naye akasogeza kiti cha mama mpaka kwenye hendeli, wakaishika wote wawili, na Philippe akaweka mkono wake juu ya mikono yao.

Wakazungusha. Maji yakaanza kutoka chini yetu. Nikawa naachia kamba kidogo kidogo, natazama juu. Mnajua, ukishuka kwenye lango huoni kwamba unashuka. Unaona aliyebaki ukingoni anapanda. Ukuta uliolowa ulirefuka kati yetu, na yeye akapanda, na kiti chake, na mikono yake kwenye chuma, akapita paa la nyumba, akapita miti iliyopukutika, mpaka nyuma yake hapakuwa na kitu isipokuwa mbingu.